Mkanda wa Kiti cha Nyuma

Barabara ya taifa nambari 27, itokayo Bunia na kupita Iga-Barrière, Djugu na Fataki hata ikafika Mahagi na mpaka wa Uganda, hukwea milima ya wilaya ya Djugu mpaka penye baridi ya kumlazimisha msafiri kuvaa koti mchana. Na katika nyanda hizo za juu, jirani na Rethy ambako wamisionari wa Africa Inland Mission walijenga hospitali na shule, umekaa mji wa soko uitwao Kpandroma. Kutoka huko hushuka viazi mviringo, kabichi na maharagwe kwenda Bunia, na kutoka Bunia na Mahagi hupanda sabuni, vitenge, chumvi na mafuta. Watu husafiri pamoja na mali zao: wengine juu ya shehena za malori ya Fuso, wengine juu ya pikipiki, na wale ambao nauli yao imenona kidogo husafiri katika gari dogo la teksi, ambalo aghalabu limetoka Japani likiwa limekwisha kutumika miaka mingi, lenye usukani upande wa kuume hali sheria ya Kongo huamuru kupita upande huo huo wa kuume wa njia, hata dereva atakapo kulipita lori mbele yake humwuliza abiria wa kushoto kama njia ni nyeupe.

Walioliunda gari hilo walikusudia lichukue watu watano. Kituoni Kpandroma haliondoki mpaka liwe na saba: dereva, wawili waliobanana katika kiti kimoja cha mbele, na wanne nyuma, bila kuwahesabu watoto wa mapajani. “Mama, sogea kidogo, huko nyuma ni watu wanne,” husema kijana anayepanga mizigo, na mama husogea, kwa kuwa ndivyo alivyosogea safari zote zilizotangulia. Ukipenyeza mkono kati ya mto wa kiti na mgongo wake utavigusa vifungo vya mikanda, vimejaa mchanga na maganda ya karanga, navyo havijaona mwanga tangu gari liliposhushwa melini. Na mkanda wenyewe, kama haukukatwa zamani ili ufungie magunia juu ya paa, umelazwa nyuma ya kitambaa kilichovikwa kiti, mpya kabisa katika gari kuukuu, maana hakuna aliyepata kuuvuta.

Habari za mkanda huo, na za watu walioamriwa kuuvaa wakakataa, au wakakubali kisha wakauacha, ni ndefu kuliko idhaniwavyo, nazo zinastahili kusimuliwa kwa utaratibu kwa ajili ya watu wa njia hii, ambao bado hawajaulizwa rai yao.

Mkanda tunaoujua leo, upitao begani na kiunoni na kushikwa mahali patatu, ulibuniwa na Nils Bohlin, mhandisi wa Uswidi ambaye kabla ya kuajiriwa na Volvo alikuwa akiunda viti vya kumrusha rubani nje ya ndege iliyopatwa na msiba. Ulianza kutiwa katika magari ya kampuni hiyo mwaka 1959, na kampuni ikaiachia dunia nzima haki ya ubunifu huo. Hidaya hiyo haikupokewa kwa furaha iliyoistahili. Jimbo la Victoria katika Australia ndilo lililotangulia ulimwenguni, mwaka 1970, kumlazimisha dereva na aketiye ubavuni mwake kujifunga. Uingereza ilibishana nafsini mwake kwa miaka mingi. Miswada ikaletwa Bungeni ikaanguka, baadhi ya wabunge wakishikilia kwamba dola haina haki ya kumkinga mtu mzima na hatari aliyojichagulia mwenyewe, na baadhi ya raia wakihofu kunaswa ndani ya gari linalowaka moto au lililotumbukia mtoni, hata ilipofika tarehe 31 Januari 1983 ndipo amri ikaanza, nayo kwa viti vya mbele peke yake. Kwa watu wazima wa kiti cha nyuma ilibidi kungoja mpaka tarehe 1 Julai 1991. Ufaransa, iliyokuwa imeagiza mkanda wa mbele tangu mwaka 1973, ilifika nyuma Desemba 1990. Yaani mataifa yenye barabara nzuri, polisi wa kutosha na magari ya familia moja moja yalihitaji kiasi cha miaka 8 hadi 17 ili kuisogeza amri moja kutoka kiti cha mbele hadi kiti cha nyuma, masafa ambayo mkono wa mtoto huyafikia.

Sababu ya kukawia huko si ya ufundi, maana mkanda wa nyuma haukuwa mgumu kuuunda. Ilikuwa ni itikadi iliyoenea kila mahali kwamba nyuma ni mahali pa amani. Mtoto huwekwa nyuma, mjamzito huwekwa nyuma, mgonjwa hulazwa nyuma, na mkubwa mwenye dereva wake huketi nyuma kwa taadhima, asiyependa kujiona yumo katika hatari wakati mtumishi wake ndiye anayeikabili njia. Mgongo wa kiti cha mbele humwonekea kama ukuta wa kumhifadhi. Kumbe ukuta huo ni sifongo na bati jepesi, na upande wa pili wake yuko mwanadamu mwenziwe. Gari ligongapo na kusimama ghafula, mwili usiofungwa huendelea kwa mwendo ule ule liliokuwa nao gari, humwangukia aliye mbele na kumponda juu ya usukani, hata kama yule wa mbele alijifunga kwa uangalifu wote. Mwaka 2002 jarida la tiba la Lancet lilitangaza uchunguzi wa Masao Ichikawa na wenzake wa Japani, waliopitia kumbukumbu za ajali za nchi yao za miaka ya 1995 hadi 1999, wakakuta kwamba hatari ya kufa ya mtu wa mbele aliyefunga mkanda huzidi kiasi cha mara 5 ikiwa aliye nyuma hakufunga wake. Japani yenyewe ililazimisha mkanda wa nyuma mwaka 2008.

Kwangu mimi uchunguzi huo umekata shauri la zamani la uhuru. Yule mbunge wa Uingereza aliyesema kwamba mtu na ahiari hatari yake alikuwa na hujja juu ya dereva aliye peke yake garini. Hana hujja yoyote juu ya aketiye nyuma ya mtu mwingine. Na kama ilihitajika ithibati kwamba heshima ya kiti cha nyuma haizuii mauti, ilikuja tarehe 4 Septemba 2022 katika India, wakati Cyrus Mistry, aliyepata kuwa mwenyekiti wa kampuni ya Tata Sons, alipofariki katika ajali ya gari la fahari huko Palghar. Yeye na mwenzake walikuwa nyuma bila mikanda, wakafa wote wawili, na waliokuwa mbele wakapona. Kanuni ya India iliyowataka abiria wa nyuma kujifunga ilikuwapo tangu hapo, ikilala vitabuni, na waziri wa barabara Nitin Gadkari alitangaza baada ya siku chache tu kwamba sasa watatozwa faini.

Lakini hayo yote ni mambo ya magari ya watu binafsi. Kwetu sisi gari ni mali ya mtu mmoja na kiti ni cha wengi, na kwa hiyo mfano ulio karibu nasi kwa mambo na kwa lugha si wa Victoria wala wa London, bali ni wa Nairobi.

Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliyaruhusu magari madogo ya abiria yaitwayo matatu kuchukua watu bila leseni ya uchukuzi wa umma, na katika miaka 30 iliyofuata matatu yakawa miguu ya Kenya. Yalijaa kupita kiasi, makanga wakining'inia milangoni, na gari la Nissan lilibeba abiria 18 kwa hesabu ya halali na zaidi ya hao kwa hesabu ya mchana, kwa kuwa wengine waliketishwa “sambaza”, nusu ya mtu juu ya kiti na nusu hewani. Vifo vikawa habari ya kila juma. Uchaguzi wa Desemba 2002 ukamweka Mwai Kibaki madarakani, na katika miezi ya kwanza ya mwaka 2003 ilipita hali ya ajabu ambayo walioishuhudia wanaikumbuka hata leo: abiria wa kawaida waliwakabili askari waliopokea rushwa barabarani na kuwaamuru wazirudishe fedha. Ni vema kulitia moyoni jambo hilo, kwa sababu sheria iliyofuata haikuwaangukia watu waliolala.

Waziri wa uchukuzi alikuwa John Michuki, mbunge wa Kangema, mzee wa utumishi wa serikali na wa benki, mtu asiyependa maneno mengi. Oktoba 2003 alitoa kanuni zilizochapishwa kwa Tangazo la Kisheria nambari 161, na kwa desturi ya watu zikaitwa kwa jina lake, kanuni za Michuki. Ziliamuru kidhibiti mwendo kisichozidi kilomita 80 kwa saa, mstari wa manjano ubavuni mwa gari, sare kwa dereva na kondakta, picha ya dereva mahali pa kuonekana, marufuku ya abiria kusimama, na mkanda kwa kila kiti, cha mbele na cha nyuma. Na kwa kuwa kila mkanda hushika mtu mmoja, Nissan ya watu 18 ikawa ya watu 14.

Wenye magari walipiga kelele. Walisema mikanda haipatikani ya kutosha, bei imepanda, mafundi ni wachache, na muda ni mfupi. Na katika madai hayo palikuwa na kweli, kwa kuwa maelfu ya magari yalihitaji vitu vile vile kwa wakati mmoja. Waligoma. Michuki hakusogea. Kanuni zilianza tarehe 1 Februari 2004, siku ya Jumapili, na Jumatatu yake magari yaliyotimiza masharti yalikuwa machache mno hata wakazi wa Nairobi wakaingia njiani kwa miguu, makarani na wachuuzi na wanafunzi, safu ndefu kutoka mitaa ya mashariki kuelekea mjini, na magari machache yaliyokuwapo yakiongeza nauli. Serikali ambayo raia zake wametembezwa hivyo hungoja kulaaniwa. Wengi, badala yake, walimsifu waziri wakiwa bado wanatembea. Mara chache katika historia ya nchi zetu amri yenye taabu kubwa imeungwa mkono kwa uvumilivu wa namna ile, na yatupasa kutafuta kisa chake.

Mimi nasadiki kwamba kisa hicho hakikuwa mkanda. Ni wachache waliozungumza juu ya kifua na nyonga na sayansi ya kugongana. Waliyoyasifu ni kuketi. Mfanyakazi aliyekuwa akisafiri kwa miaka akiwa ameinamisha shingo chini ya paa, tako moja likiwa juu ya goti la mgeni, alikuta kwa mara ya kwanza kwamba kiti alicholipia ni chake mwenyewe, mwanzo wake na mwisho wake, na hakuna kondakta awezaye kumwambia asogee. Mkanda ulikuwa alama ya mpaka wa milki yake. Dola ilikuwa imewahesabu watu, mmoja mmoja, na kusema kila mmoja wao ni mzima.

Ajali zilipungua katika miezi ile ya mwanzo. Kisha kanuni zikaanza kudhoofika. Nauli iliyopanda ili kufidia viti vinne vilivyoondolewa haikushuka tena, lakini abiria wa ziada walirudi kidogo kidogo, kwanza jioni, kisha alfajiri, kisha wakati wowote polisi wasipokuwapo. Mikanda ya bei rahisi iliyofungwa kwa haraka ikapoteza vifungo, ikawa na mafuta na jasho la watu elfu, na wanawake waliovaa mavazi meupe ya ofisini wakakataa kuigusa. Kukazuka mchezo unaojulikana na kila aliyepanda matatu: kondakta huona kizuizi mbele, hupaza sauti ya kuwataka watu wafunge mikanda, nao huivuta mapajani na kuishika kwa mikono bila kuifunga, gari likapita, mikono ikaachia. Sheria ya Kenya humtoza abiria asiyejifunga faini ya shilingi 500, na aliyekamatwa mahali ambapo mkanda wenyewe hauna kifungo alijiona amedhulumiwa, wala hakukosea. Michuki alihamishwa wizara, na alipofariki Februari 2012 watu waliomlilia kwa ajili ya kanuni zake walikuwa wakienda mazishini katika magari yaliyozivunja.

Katika kipindi hicho cha kudhoofika palifanywa jaribio moja ambalo naliona ni la maana kuliko misako yote. Wataalamu wawili wa uchumi wa Chuo Kikuu cha Georgetown, James Habyarimana na William Jack, walibandika ndani ya matatu za safari ndefu karatasi zenye maneno na picha za kuwahimiza abiria kumkemea dereva aendeshaye kwa hatari. Hawakuongeza askari wala faini. Matokeo yao, yaliyotangazwa mwaka 2011, yalionyesha kwamba madai ya bima ya magari hayo yalipungua kwa nusu hadi thuluthi mbili. Abiria wa kiti cha nyuma, ambaye kila sheria humchukulia kama mzigo wa kufungwa au mkosaji wa kutozwa, alipopewa ruhusa ya kusema aliokoa maisha mengi.

Serikali ilirudi kwa nguvu mwaka 2018. Tarehe 10 Oktoba basi lilianguka Fort Ternan katika kaunti ya Kericho na kuua zaidi ya watu 50, na tarehe 12 Novemba mawaziri Fred Matiang'i na James Macharia wakazifufua kanuni za Michuki nchi nzima. Watu wakatembea tena kama mwaka 2004, nauli zikapanda tena, lakini sifa hazikuwa zile. Uvumilivu wa mara ya kwanza ulikuwa umetumika, na waliotembea sasa waliuliza kwa nini wao ndio walipe kila mara serikali inapokumbuka sheria zake.

Tanzania imekwenda njia nyingine. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 ilimtaja dereva na abiria wa mbele katika jambo la mkanda na kuliacha nyuma, na vyama vya kiraia, kimojawapo kikiwa chama cha wanasheria wanawake, TAWLA, vimehimiza kwa miaka irekebishwe.

Na Kongo? Sheria nambari 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978, iliyotiwa saini zama za Mobutu, ndiyo kanuni kuu ya barabara. Lakini katika njia ya Kpandroma sheria hujulikana kwa kizuizi, na kizuizi hujulikana kwa fedha. Aliyesimamishwa mara nyingi kati ya Mahagi na Bunia na watu wenye bunduki, wengine wa serikali na wengine wasio wa serikali, hawezi kulaumiwa akisikia amri mpya na kuuliza ni kiasi gani. Ukimweleza habari za mkanda wa nyuma atakupa hujja tatu, nazo zote nimeona zinastahili jibu la heshima.

Ya kwanza ni hofu. Tangu machafuko ya Djugu yaliyoanza Desemba 2017, barabara hii imeshuhudia mashambulio ya wapiganaji wa CODECO na wengineo, magari yakachomwa, wasafiri wakauawa au kutekwa, hata ikawa lazima kusafiri kwa msafara unaosindikizwa na wanajeshi. Na Mei 2021 jimbo la Ituri liliwekwa chini ya utawala wa kijeshi uitwao “hali ya kuzingirwa”. Katika njia kama hiyo mtu hutaka kuweza kuruka nje na kuingia vichakani kwa dakika moja. Waingereza walihofu moto na mto ambavyo wengi wao hawakuvikuta kamwe. Msafiri wa Djugu anahofu jambo analolijua kwa majina ya marehemu. Nionavyo mimi, kifungo kizima hufunguka kwa kidole kimoja, na kinachomzuia mtu kutoka nje ni yule wa tatu na wa nne waliomkalia. Lakini sithubutu kumcheka aliye na hofu hiyo.

Ya pili ni kwamba wengi hawana kiti kabisa. Mwenye kukaa juu ya magunia ya lori, mwenye kupanda pikipiki ya watu watatu, atafungwa na nini? Hakuna jibu la hujja hiyo, ila kwamba teksi ni mahali pa kuanzia kwa sababu kiti kipo na mkanda upo, umefichwa chini ya kitambaa.

Ya tatu ni nauli, na hapo ndipo mambo ya Nairobi yanapofika Kpandroma. Teksi ya abiria sita ikiamriwa kuchukua mmoja mbele na watatu nyuma, itakuwa na wanne. Na ili dereva apate kipato kile kile cha mafuta, cha mwenye gari na cha vizuizi, kila mmoja atalipa nusu nzima juu ya nauli ya leo. Ikiwa mama wa viazi ndiye wa kuibeba nusu hiyo peke yake, atahamia juu ya lori, na amri ya usalama itakuwa imemwondoa penye kiti na kumweka pasipo kiti. Ikiwa vizuizi vitapunguzwa, sehemu kubwa ya nusu hiyo itapatikana hapo hapo njiani, bila mama kuongeza faranga. Madereva wana chama chao, ACCO, kituo kina msimamizi wake, na wanawake wa soko wana wasemaji wao. Kabla hakujaandikwa neno lolote juu ya mikanda, hao watatu na waketi pamoja na askari wa barabarani, waihesabu njia kizuizi kwa kizuizi kutoka Kpandroma hadi Bunia, na waseme mbele ya watu ni nani atakayelipia nafasi za abiria wawili watakaoondolewa.